Historia ya Mwalimu Kanze, Pamoja na Vyanzo Vyake

Wazee wetu shikamooni, mchungaji na waumini, ndugu zetu Waislamu wa Bongwe na Mwabungo mliokuja kutushika mkono, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani wote, mimi naitwa Sanga Mwero, mtoto wa dada yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yangu mdogo, Mwalimu Purity Kanze Mramba, kazi ambayo kwa kweli alinipa yeye mwenyewe mwezi wa Januari mwaka huu, akiwa kitandani, na akaisahihisha mara mbili kwa penseli kabla ya kuniachia. Mliopita darasani kwake mnajua kwamba hakukubali sentensi inayoanza na "inasemekana", pembeni aliandika "na nani?", kwa hiyo msinishangae nikitaja kila jambo nimelipata wapi.

Kitambulisho cha marehemu kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1960, siku ambayo, tukiviamini vitambulisho, nusu ya watu wazima walioketi chini ya turubai hili walizaliwa pia. Mama yangu mzazi, Dama Mramba, dada mkubwa na wa pekee wa marehemu, ambaye ameketi hapa mbele, aliambiwa na mama yao kwamba mtoto huyu alikuja asubuhi ya Alhamisi, wiki ambayo mabibo ya mikorosho yalianza kuanguka, katika boma hili hili la Bongwe ambalo baba yao, Mzee Mramba Rai, alikuwa amelijenga alipohamia na mbuzi wake kutoka upande wa Kinango. Marehemu aliniagiza niandike Novemba 1959, kisha niweke neno "takriban", na nimefanya hivyo.

Alianza shule ya msingi hapa Bongwe mwezi wa Januari 1967, akimfuata dada yake aliyekuwa darasa la nne, na kwa mwaka mmoja walitembea pamoja, Dama akibeba vitabu vya wote wawili kwa sababu mdogo alikuwa hodari wa kuvisahau njiani. Mwaka wa 1968 mama yao alipooza mguu, ikabidi mmoja wa wasichana abaki nyumbani kupika na kuangalia mbuzi, na Mzee Mramba akaamua abaki mkubwa, basi shule ya mama yangu ikaishia hapo. Chanzo cha habari hii ni mama yangu, ambaye hajawahi kuisimulia kwa uchungu mbele yangu, na marehemu, ambaye hakuweza kuisimulia bila kuvua miwani.

Tangu siku hizo wale ndugu wawili waliwekeana desturi yao jikoni, jua likishatua na sima ikiwa mekoni, kwamba Kanze asome kwa sauti alichofundishwa shuleni, naye Dama amrudishie hadithi. Dama alikuwa na hadithi za bibi yao, alikuwa na nyingine alizozisikia kisimani kwa wanawake wa Mwabungo, na alikuwa na nyingine alizozitunga mwenyewe akiwa na mbuzi, na namna alivyozichanganya hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Wanangu hawakupata bahati ya kuzisikia, na sababu yake nitaifikia.

Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka wa 1973 na ya sekondari mwaka wa 1977, akahitimu ualimu mwaka wa 1979, akafundisha shule ya msingi Mwabungo kuanzia Januari 1980, na tarehe 18 Agosti 1984 akafunga ndoa na Bwana Elijah Boga, afisa wa kilimo, mtu mpole aliyetutangulia mwaka wa 2014. Walijaliwa watoto wawili, Rai, aliyezaliwa mwaka wa 1986, na Mbeyu, aliyezaliwa mwaka wa 1990. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba marehemu pia alikuwa mpole, akapiga mstari na kuandika "ushahidi?", nami nilipoutafuta niliukosa, nikalifuta neno hilo.

Mwaka wa 1988 alikwenda chuo kikuu kusomea shahada, kisha akaendelea na shahada ya uzamili, na katika miaka hiyo mitano Rai na Mbeyu walilelewa hapa, kwa mama yangu, tukila sinia moja na kugombania ukoko, hadi Mbeyu akajifunza kusema "mama" kwa Dama kabla ya kumwita aliyemzaa. Mwezi wa Agosti 1992 marehemu alirudi nyumbani wiki tatu na kinasa sauti cha kuazima, akakiweka juu ya kinu, akamwambia dada yake asimulie kama zamani, na tasnifu yake juu ya ngano za Kwale, iliyokubaliwa mwaka wa 1993, ilitoka humo.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo aliajiriwa katika chuo cha diploma upande wa Msambweni, akafundisha huko miaka ishirini na sita, hadi alipostaafu mwaka wa 2019. Somo lake liliandikwa kwenye ratiba kuwa ni stadi za uandishi wa kitaaluma, na sisi tuliofika mwaka wa 2008 tulitarajia kupewa makaratasi ya kukariri, utangulizi uwe hivi, hitimisho liwe vile, lakini yeye aliingia na riwaya mkononi, akatusomea kurasa tatu bila kutusalimu, akafunga kitabu na kuuliza ni nani anayemwamini msimulizi, na kwa nini. Hatukuandika hata mstari mmoja wa insha hadi wiki ya nne. Alisema mtu asiyejua kusoma hadithi kwa makini ataandika utafiti wa kubahatisha, kwa sababu kote kuwili kazi ni moja, kuona kilichopo, kusema umekiona ukurasa gani, na kuacha kuona kisichokuwepo.

Insha yangu ya kwanza ilianza kwa kusema mwandishi ameonyesha jinsi wanawake wanavyodhulumiwa katika jamii, sentensi iliyonipitisha sekondari nzima bila matatizo, na yeye akaandika pembeni, jamii ipi, mwanamke yupi, kadhulumiwa na nani, kwa kitendo gani, akanipa alama nne kati ya ishirini. Nilikwenda ofisini kwake nikitumaini kwamba damu ni nzito, akaniambia, "Hapa mimi si mama mdogo, Sanga. Keti ukate kadi." Kadi zenyewe zilikuwa za maboksi ya sabuni, kila moja na nukuu moja, jina la aliyesema na ukurasa, na tulizitandaza juu ya mkeka na kuzihamisha huku na huko hadi hoja ijitokeze, na aliyekuwa na hoja bila kadi alitakiwa kuinyamazia. Mpaka leo, nikiona boksi la sabuni dukani, namkumbuka na makasi mkononi.

Kila muhula wa pili alimtuma kila mwanafunzi nyumbani kwao akalete hadithi moja, na kadi ya aliyeisimulia, jina kamili, umri, mahali na tarehe. Mwenzetu Swabir, ambaye leo ni mwalimu mkuu na yupo hapa, alileta kadi iliyoandikwa "nyanya" tu, akarudishwa siku ile ile, "Nyanya ana jina, nenda ukamuulize kwa adabu," na aliporudi na jina la Bi Mwanasha, muuza viazi karai, likapigwa chapa kwenye marejeleo ya insha pamoja na majina ya maprofesa, bibi yule aliuomba ule ukurasa akauweka ndani ya kopo pamoja na kitambulisho chake. Swabir ananiambia kopo lile lipo hadi leo, ingawa mwenyewe ameshafariki.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ya mazishi iliniomba nipapite haraka, nami nawaomba radhi wajomba zangu, kwa sababu nilipopapita haraka katika rasimu ya pili, marehemu aliandika chini yake, "Umeruka sura nzima. Rudia."

Mwezi wa Machi 2010, nikitafuta mfano wa tasnifu katika maktaba ya chuo, niliishika ya mama mdogo kwa mara ya kwanza, nikaanza kusoma na kuisikia sauti ya mama yangu kwenye kila ukurasa, mpaka pale anaposema "wacha weye" kabla ya jambo la ajabu. Hadithi zilikuwa ishirini na mbili. Chini ya kila moja palikuwa na maelezo ya msimulizi, na kila mara maelezo yalisema, "bibi mmoja mzee wa kijijini." Nilisoma shukrani, nikamkuta msimamizi, mkutubi, mpiga chapa na Bwana Boga, na jina la Dama Mramba halikuwepo, si pale, si kwenye tanbihi, si popote. Mwezi ule wa Agosti 1992 mama yangu alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Nilikuwa kijana na nilidhani ukweli ukipatikana lazima usomwe, basi nilinakili kurasa kadhaa, nikaja nazo Bongwe, nikamsomea mama akiwa anapepeta mahindi. Alisikiliza hadithi nzima, akasahihisha mahali pamoja ambapo kisima kilitajwa kabla ya wakati wake, kisha akauliza, "Na huyo bibi mzee ni nani?" Aliendelea kupepeta. Tangu hapo, wajukuu wakimwomba hadithi, aliwajibu, "Nendeni kwa mwalimu, ndiye mwenye hadithi." Wale ndugu waliendelea kusalimiana, kupelekeana muhogo na samaki, kuketi pamoja misibani, lakini jikoni hakukusimuliwa tena kitu kwa miaka kumi na mitano, na kosa la kuwasha moto ule bila kujua kuuzima ni langu.

Marehemu nilimkabili mwaka ule ule. Aliniambia kwamba msimamizi wake alitaka wazee, watu wa miaka sabini na zaidi, kutoka vijiji mbalimbali, na yeye alikuwa na mwanamke mmoja wa jiko moja, tena dada yake wa tumbo moja, akaona aibu kusema utafiti wake wote ulifanyika nyumbani kwao, na akajiambia kwamba ngano ni mali ya jamii, hazina mwenyewe. "Nilijua ni uongo nikiandika," alisema, "na kila kadi niliyowatuma mkailete, nilikuwa naitafuta ile moja." Nilimwambia amwendee mama. Alisema atakwenda, na kwa kuwa ninyi nyote mnajua jinsi alivyokuwa na kiburi, sina haja ya kuleta ushahidi kwamba hakwenda.

Mwezi wa Machi 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa akienda hospitali ya Msambweni kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 6 Januari 2025 alilazwa. Mama yangu alikuja kila siku na uji wa wimbi, akamlisha kwa kijiko, akamchana nywele, na nilipokuwa nikingoja nje niliwasikia wakizungumza juu ya mbuzi wa mwaka wa 1970, juu ya nani aliolewa wapi, juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Siku moja mama alipoondoka, marehemu aliniambia, "Mdomo wangu unakataa, Sanga. Mimi ni mtu wa kalamu. Andika historia yangu, na shukrani niachie mimi." Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne na nusu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada yake. Hilo nililiona mwenyewe.

Kama mnavyojua nyote, historia ya marehemu humalizikia kwa shukrani, na hizi aliziandika kwa mkono wake, kwenye kadi ya boksi la sabuni, nami nazisoma kama zilivyo, na mama yangu anazisikia sasa kwa mara ya kwanza.

"Nawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni, walionivumilia nilipowasahihishia maandishi ya kwenye faili. Namshukuru jirani yangu Mwanaima, aliyenifulia bila kuombwa, na majirani wote wa Bongwe, wa kanisani na wa msikitini. Nawashukuru walimu wenzangu na wanafunzi wangu, hasa wale niliowafelisha wakarudi. Nawashukuru Rai na Mbeyu, walioniazimisha kwa vitabu. Shukrani ya mwisho ilipaswa kuwa ya kwanza, na ilipaswa kuandikwa mwaka wa 1993. Hadithi zote ishirini na mbili katika tasnifu yangu zilisimuliwa na mtu mmoja. Msimulizi, Dama Mramba. Umri, miaka thelathini na sita. Mahali, jikoni kwake, Bongwe. Tarehe, Agosti 1992. Hakukuwa na bibi mzee. Nilikuwa na dada, na kila nilichowahi kukifundisha nilikipata kwake, na nikamficha. Dada, nisamehe, na watoto wakikuomba hadithi, wasimulie, ni zako."

Kadi hii nitaipeleka maktabani, ikae ndani ya ile tasnifu. Mwalimu Swabir ameniahidi kwamba mkutubi ameshakubali.

Mama mdogo, nimeirudia sura uliyoniambia niirudie, nimeisoma mbele ya watu, na aliyetajwa amesikia. Sasa pumzika, na amani ya Mungu iwe nawe.