Mwalimu Mektilda, Aliyekataa Msitu wa Shule Ukatwe

Tunayemzika leo hakupenda kusemewa, lakini kwa mara hii itabidi atuvumilie.

Mektilda Ezekia alizaliwa Puge, wilayani Nzega, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa mzee Ezekia, mrina asali, na mama Recheli. Baba yake alimzoesha kuusogelea mzinga bila kukimbia. Mama yake alikuwa akilalamika kwamba tangu hapo kukimbia alikusahau kabisa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Puge, kisha sekondari Tabora mjini, na mwaka 1984 akahitimu ualimu. Alianza kazi Lusu, na mwaka 1991 akahamia Goweko kufundisha sayansi. Huko mabani ya kukaushia tumbaku yalikuwa yakila miombo kila msimu. Mwalimu akawafundisha watoto kuotesha miche, kufinyanga majiko yanayotumia kuni chache, na kutundika mizinga. Mzazi mmoja alikuja juu kwamba mwanawe anarudi na matope badala ya masomo. "Shikamoo mzee," Mektilda alimjibu. "Ndiyo masomo yenyewe hayo."

Mwaka 1992 alifunga ndoa na Wilbroad Modest, mkulima wa tumbaku. Watu walicheka: moto na kuni nyumba moja! Msimu wa kwanza tu alimwambia, "Mume wangu, tumbaku yako nitaipalilia, ila kuni za kuikaushia zitoke kwenye miti uliyopanda mwenyewe." Wilbroad alinuna mpaka mavuno. Kisha akapanda.

Agosti 2009, watu wachache wenye sauti walipatana msitu wa shule ukatwe kwa ajili ya mabani. Wakataji walipofika na mashoka yao walikuta darasa zima limeketi chini ya miti, ubao umeegemezwa kwenye shina.

"Mwalimu, tupishe. Tuna kibali," alisema kiongozi wao, kijana aitwaye Festo.

"Marahaba," alijibu Mwalimu, maana kijana hakuwa amemwamkia. "Hapa ni darasani na kipindi kinaendelea. Subirini kengele."

Kengele haikulia siku hiyo. Jioni akina mama walikuja kuwachukua watoto wao. Kesho yake wakarudi wenyewe, na masufuria, wakapika palepale. Mashoka yakaondoka.

Haikuishia hapo. Kitalu cha miche kiling'olewa chote na mizinga yake ikachomwa moto. Alilia jikoni, mlango umefungwa. Wa nyumbani tu ndio tunaojua. Asubuhi aliingia darasani akaandika ubaoni: "Kuotesha miche. Somo la kwanza."

Alistaafu mwaka 2022. Mwaka uliofuata aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Tabora na baadaye Mwanza. Alipoona dawa zimeshindwa, alimwita mdogo wake Julieth.

"Jeneza langu lisiwe la mninga. Na atakayeniletea shada la plastiki arudi nalo kwake."

"Dada, watu watatusema."

"Waseme. Mimi sitasikia."

Jeneza mnaloliona ni la msonobari wa kupandwa. Waliokuja na mashada tunawaomba, kwa heshima zote, wayachukue wakati wa kutoka.

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Wilbroad. Ameacha mume, watoto watatu, Benedikta, Yoramu na Advera, wajukuu watano, mdogo wake Julieth, na wanafunzi ambao wengi wao ndio walioichimba asubuhi ya leo nyumba yake ya mwisho.

Jambo moja zaidi. Tukiwa hapa msibani tumesikia mtu akisema kwamba kikwazo sasa kimeondoka, msitu ule ukatwe. Kama mtu huyo yupo hapa, asikie vizuri. Benedikta naye ni mwalimu wa shule ileile, na Jumatatu saa mbili asubuhi, hata kama ni likizo, ana kipindi msituni. Wazazi wote mnakaribishwa.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako, umpe raha aliyojinyima. Sisi bado tupo.