Mouridi Soidri, Mtu wa Mutsamudu Aliyezikwa Ivoini

Ndugu wafiwa, assalamu alaikum. Kabla sijasoma, naomba kila mmoja afumbe macho aione ncha ya kaskazini ya Ngazidja kama alivyoiona kijana mmoja aliposhuka garini mwezi Oktoba 1971: lava nyeusi iliyoganda hadi ufukweni, vilima vya volkano vilivyoota majani, ziwa la chumvi linalogeuka rangi kutwa, na hakuna hata kijito kimoja.

Kijana huyo ndiye marehemu shemeji yangu, Mwalimu Mouridi Soidri. Kwa kuwa wengine mmetoka Unguja, nasoma kwa Kiswahili, na wenyeji mtanisamehe nikieleza mnayoyajua.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 mjini Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, mtoto wa kwanza wa Bi Batoul, akasoma chuo cha Kurani na shule ya msingi huko huko, kisha mwaka 1963 akaletwa Moroni kwa masomo ya sekondari, akakaa mtaa wa Badjanani kwa rafiki wa baba yake, na alipohitimu ualimu akapangiwa Ivoini, mji wetu huu wa kaskazini, mahali ambapo wenzake walipaita mwisho wa barabara.

Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa dada yangu Anziza kwa ndoa kuu, ile inayompa mwanamume haki ya kuketi na wakubwa katika bangwe, uwanja wa mji. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume huingia humo na mizigo yake. Wiki ya kwanza shemeji alioga kama wanavyooga kwao penye mito, ndoo juu ya ndoo, hadi birika la maji ya mvua likabaki tope, na mama yetu, Bi Zoubeda, akamwambia, "Mwanangu, mto umeuacha kwenu, huku tunaoga kwa kopo."

Tangu hapo aliwatuma wanafunzi wake waulize wazee nani alichimba kila birika, lava ilipita wapi, na watu wa kwanza wa mji walitoka upande gani, ndiyo maana watoto wa Ivoini waliijua kaskazini yao kabla ya kuijua mito ya Ufaransa. Alijaaliwa watoto wawili, Kamal na Zahiya.

Agosti 1997 Nzuani ilitangaza kujitenga, njia za baharini zikafungwa, na mtu aliyeishi nasi zaidi ya miaka ishirini akaanza kuitwa Mnzuani sokoni. Tarehe 27 Aprili 1999, siku ambazo watu wa Nzuani walikuwa wakitolewa majumbani Moroni na kupelekwa bandarini, gari la vijana lilifika kwetu asubuhi, wakiwa na mawe na dumu la petroli. Shemeji alikwisha kushika mfuko wake, akisema heri aondoke kuliko nyumba ya watu ichomwe, dada akamwuliza, "Mwalimu, umenipa talaka saa ngapi?" na mama akaenda kuketi kizingitini.

"Tunamtaka Mnzuani," walisema.

"Mnakuja kumtoa mume wa mwanangu, nani kati yenu atamwoa huyu binti? Ana mdomo mkali, nawaonya," akajibu mama.

Hawakucheka. Jiwe moja lilipasua dirisha juu ya kichwa chake, naye hakuinuka, alimtazama aliyelirusha akamwuliza, "Baba yako analala nyumba ya nani?"

Kijana akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni ya mama yake.

"Naye alizaliwa mji wa mama yako?"

Kijana akageuka akapanda gari, wenzake wakamfuata. Waliondoka wakiapa kurudi alasiri. Hapo mzee Mikidache, mmoja wa wakubwa wa bangwe, alisema uwanjani kwamba aliyetimiza ndoa kuu akitolewa kwa mkewe, basi hakuna mume hata mmoja mwenye pa kulala, wakubwa wakakunja mikeka ya bangwe, wakaitandika mlangoni kwa dada, wakacheza bao. Gari lilirudi, likapunguza mwendo, likapita.

Alibaki, ila kubaki kule kulikuwa na uchungu wake, kwani mama yake alifariki Mutsamudu tarehe 9 Juni mwaka ule ule, naye hakuweza kuvuka kumzika, wala hakuliona kaburi lake hadi 2001.

Alistaafu mwaka 2008, akaugua figo kuanzia 2013, na akafariki alfajiri ya jana, tarehe 6 Februari 2016, mkono wake ukiwa mkononi mwa Anziza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Moroni, majirani waliotuletea maji na chakula, walimu wenzake, na mdogo wake Djabir aliyefika kutoka Mutsamudu kwa ndege ya kwanza. Mwenyezi Mungu amsamehe, amlaze penye raha.

Mwisho, wanangu mliosomeshwa naye, nina ombi dogo. Miongoni mwa waliobeba jeneza leo wamo wanaume wawili waliokuwa juu ya gari lile la mawe na petroli, na hakuna aliyewaita. Mkikutana nao njiani, mkumbuke hilo tu, kwamba walikuja kumzika.