Swali la Mjomba

Basi la Mkuyuni lilipoanza kupanda mlima, Raya, mshauri wa familia, alimsikia mteja wake Severin akiongea kiti cha nyuma. Hakugeuka, kusikiliza ndiyo kazi yake.

"Nagombana na mwanangu," Severin alikuwa akimwambia mama mmoja, "mshauri, Mluguru yule, ananiuliza mjomba wake yuko wapi! Kwetu Uchagani mtoto ni wa baba. Lakini shemeji, huyo mjomba wake, alipofika tu, kijana aliyeninunia mwaka mzima akalia, akasema yote."

"Baba, huo si ushauri. Ni mila za kwao Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno."

"Mila au dawa, mama yangu, sasa tunakula pamoja!"

"Hata hivyo..."

Basi likasimama. Raya akabaki kitini ameduwaa, macho milimani. Chuoni hakuna aliyemfundisha swali lile. Lilikuwa la bibi yake, na miaka yote alidhani ni la dunia nzima.