Upondo wa Bi. Mavis

Jumatatu tarehe 30 Juni, Bi. Mavis Thurlbourn atakabidhi funguo za banda la mashua la Chuo cha Mtakatifu Wendreda, baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na minane. Funguo ni saba. Nina hakika Jumanne atarudi kuangalia kama mlango umefungwa.

Nimeombwa niandike wasifu huu ingawa mimi ni bawabu tu wa lango kuu. Hapa chuoni wajuzi wa kalamu ni tele. Lakini kwa miaka kumi na tisa nimeendesha baiskeli ukingoni mwa mto nikipulizia kipenga timu yake ya wanawake wapiga makasia, na hakuna aliyenishinda kula mikate yake ya jibini na achari.

Wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili. Kama ni kweli, basi hakuna mwenye akili Cambridge nzima kumshinda Bi. Mavis. Hukaza kila nati mara tatu, kisha huenda kunywa chai, kisha hurudi kuzikaza tena. Spana huivaa shingoni kwa kamba. Mwaka fulani aliivaa hivyo hivyo kanisani, harusini kwa mpwa wake, na picha zipo.

Alikuja mwaka 1987 kutoka nchi ya mifereji kaskazini mwa mji, binti wa seremala wa malango ya maji, kwa kibarua cha msimu mmoja. Fundi wa banda jirani alimuuliza kama amekuja kushona mapazia. Kabla msimu wa baridi haujaisha, fundi huyo alikuwa amesimama mlangoni petu na mashua yenye ufa, kofia mkononi. Bi. Mavis aliitengeneza, akamrudishia pamoja na kipande cha pazia.

Kwa wageni watakaosoma haya mezani siku ya kumuaga: mto wetu ni mwembamba, mashua mbili haziwezi kushindana ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo hupangwa mstari mmoja, kila moja nyuma ya mwenzake kwa nafasi ya urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga ukilia, unamfukuza wa mbele umgonge, huku wa nyuma anakufukuza wewe. Ukigonga, kesho yake unachukua nafasi ya uliyemgonga. Ukigonga siku zote nne za mashindano, kila mmoja wenu hupewa kasia lililopakwa rangi na kuandikwa jina lake, alitundike ukutani hadi kufa.

Kabla ya mzinga, nahodha, yaani mshika usukani, hushika mwisho wa mnyororo uliofungwa ukingoni, na mtu mmoja huisukuma mashua nje kwa upondo, ili mzinga ulie mnyororo ukiwa umenyooka. Chuoni kwetu mtu huyo ni Bi. Mavis. Akichelewa, mnyororo unakuwa umelegea na mashua iko nyuma ya mahali pake. Akiwahi, mnyororo unaivuta mashua mkiani na pua inageukia majani ya ukingoni.

Mwaka 2009 aliwahi. Wasichana walikuwa wamegonga siku tatu. Siku ya nne alisukuma sekunde chache mapema, pua ikageuka, na kabla hawajanyooka wakagongwa na waliokuwa nyuma yao. Bi. Mavis aliwaandikia wote tisa, wapiga makasia wanane na nahodha wao, barua za kuomba radhi. Wote tisa walimjibu kwamba hana kosa. Majibu hayo ameyahifadhi katika kopo la biskuti pamoja na nati za akiba, na sidhani kama aliwahi kuyaamini.

Mwaka huu, tangu Januari, niliona chai yake inamwagika kwenye kisahani. Daktari alimwambia si ugonjwa wa kuua, ni mikono tu imeanza kutetemeka. Bi. Mavis alinikataza kumwambia mtu, nami sikumwambia mtu. Mwezi Juni ukafika, wasichana wakagonga Jumatano, wakagonga Alhamisi, wakagonga Ijumaa. Kila walipogonga nilifurahi na kuogopa, maana nilijua Jumamosi inakuja na upondo ameshika nani.

Jumamosi hiyo upepo ulivuma kutoka ng'ambo, ukiisukuma mashua ukingoni. Mzinga wa kuonya kwamba zimebaki dakika nne ulipolia, Bi. Mavis alinigeukia.

"Shika wewe, Des."

"Mimi ni wa kipenga. Acha utani."

"Nani anatania? Tazama." Akauinua upondo, na ncha yake ikawa inachezacheza hewani.

Nahodha wetu, Bethan Pryce, alikuwa ameketi mkiani mwa mashua na mnyororo mkononi, anasikia kila neno. Ana miaka kumi na tisa na hana staha na mtu.

"Mavis, inatetemeka mikono au na sauti pia?"

"Sauti iko sawa."

"Basi hesabu wewe, Des asukume. Halafu baiskeli na kipenga chukua wewe. Mtamaliza kubishana leo au tuwasubiri?"

Nilisema sijawahi kushika upondo siku ya mashindano.

"Hata mimi siku ya kwanza nilikuwa sijawahi," alisema Bi. Mavis. "Shika chini kidogo. Hapo hapo. Sasa usifanye kitu mpaka nikwambie."

Mzinga wa dakika moja ukalia. Upepo uliileta mashua hadi makasia ya upande wetu yakagusa majani.

"Mavis, inakuja ukingoni."

"Naiona. Bado."

"Mavis."

"Des, mwaka 2009 nami niliona hivyo hivyo. Bado."

Wasichana hawakugeuka, lakini niliona mabega yao yamepanda hadi masikioni. Bi. Mavis aliitazama saa yake akihesabu kwa sauti ile ile anayoitumia kuomba sukari.

"Kumi na tano. Sasa sukuma. Polepole, kama unasogeza kitanda cha mtoto aliyelala."

Nilisukuma. Mnyororo uliinuka majini pete moja baada ya nyingine. Alipotamka moja ulikuwa umenyooka, na mzinga ukalia. Wakaondoka. Bi. Mavis naye akaondoka, amesimama juu ya pedali za baiskeli yangu kwa sababu kiti kilikuwa juu mno, spana inampiga kifuani.

Nikabaki peke yangu na masweta tisa waliyoyavua wasichana na upondo uliolowa. Wakapotea kwenye kona. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kulifikiria: mshika upondo haoni kitu. Mimi nilikuwa nikikimbia nao, nikarudi kumsimulia. Bi. Mavis hajawahi kuiona timu yake ikigonga, hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kusimama hapa kusikiliza.

Basi nikasikiliza. Kipenga kililia mara moja: umebaki urefu wa mashua moja. Kikalia mara mbili: nusu. Kisha kimya, kirefu mno, nikaanza kumlaumu yule mpumbavu aliyesukuma. Kikalia mara tatu: robo. Kisha kikalia mfululizo, maana yake pua imefika juu ya mkia wao, na katikati ya mlio kikakatika.

Hakuna kilichofuata. Niliwaza tumegongwa kutoka nyuma. Niliwaza ametumbukia mtoni na baiskeli yangu. Niliyakunja masweta, nikayakunjua, nikayakunja tena.

Alirudi akiikokota baiskeli, tawi bichi la mti limechomekwa kwenye kofia, kama wafanyavyo waliogonga.

"Mbona kipenga kilikatika?" nilimuuliza. "Umeniua."

"Kilinidondoka mdomoni."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naangalia," alisema, akaketi juu ya masweta, akalia kama mtoto. Baadaye alinisimulia pua ilivyowagusa, mara tatu, na mimi nikasikiliza mara zote tatu.

Makasia tisa yanapakwa rangi sasa hivi. Ya kwanza kwa wanawake wa chuo hiki tangu mwaka 1991.

Bi. Mavis, asante kwa nati zote ulizozikaza mara nne pale ambapo moja ingetosha. Nenda ukapumzike na afya yako, unywe chai yako kwenye kikombe kikubwa, ukitaka uimwage. Mwakani, Juni, upondo nitashika mimi, na masweta nitabaki nayo mimi. Kiti cha baiskeli nimeshakishusha. Njoo uangalie.

Desmond Tuffnell, bawabu