Mama Kavuo Euphrasie, mama wa nyumba tatu

Batu ba Mungu, jamaa na majirani, mumeacha biashara na mashamba juu ya kumusindikiza dada yetu. Musikilize maisha yake vile mimi Muyisa, ndugu yake wa tumbo moja, nilivyoyaandika. Mujomba haogopi batoto ba dada yake, na leo hataanza.

Mama Kavuo Euphrasie alizaliwa Luofu, tarehe 3 Mei 1949, kwa bazazi balimaji ba viazi. Alisoma shule ya primaire kwa masista kutoka 1956, akafika mwaka wa tano. Alijua kuimba misa nzima kwa Kilatini bila kuelewa hata neno moja. Akiulizwa maana, alijibu: "Mungu atajitafsiria mwenyewe."

Tarehe 12 Julai 1969 alifunga ndoa na Mathe Josaphat, fundi wa kujenga. Balihamia Butembo mwaka 1974, na Papa Josaphat akajenga ile nyumba munayoijua, yeye mwenyewe, na bibi yake Kavuo akimupitishia matofali. Mungu aliwapa Henri, Élysée na Emérence. Papa Josaphat alituacha tarehe 9 Septemba 2016.

Mama Kavuo aliuza maharagwe. Aliyafuata mpaka Alimbongo, akayapanga sokoni Butembo miaka zaidi ya makumi ine. Matabishi yake, ile nyongeza ya bure, ilikuwa ya batoto na bajane tu. Siku moja askari mumoja alimuomba amuongezee, kwa Kilingala, "Mama, bakisa!" Yeye akamutazama toka kofia mpaka viatu: "Bunduki uko nayo, mushahara uko nao, na maharagwe yangu tena?" Soko nzima ilicheka, askari naye akacheka, akalipa.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019. Alitia chumvi mara mbili ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alisahau bei, halafu majina, halafu njia ya kurudi. Kuna waliosema amelogwa. Mwaka 2021 muganga wa hospitali alisema ni démence, ugonjwa wa akili kupotea polepole, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Hapo jamaa ilikaa kyaghanda, vile baba zetu balikuwa banakaa kukata mambo. Ikakatwa hivi: mama azunguke. Mwezi mumoja kwa Henri, mwezi mumoja na Emérence mu nyumba ya mama mwenyewe, ile ya Josaphat, mwezi mumoja kwa Élysée kule Beni. Haki sawa, mutoto yeyote asisemwe kwamba alimutupa muzazi. Bote balipiga makofi. Ole wetu!

Mama akawa mutu wa kupakizwa na kushushwa. Kila nyumba alitafuta choo fasi hakikuwa. Akimuuliza Henri, "Josaphat iko wapi?" Henri alijibu, "Mama, Papa alikufa, tulimuzika!" Henri hakuwa mubaya, kwake yeye, kumuficha mama ukweli ni kumuzarau. Lakini mama alilia kilio kipya kila mara, sawa vile habari imefika asubuhi ile. Kwa Élysée balimuambia, "Anakuja saa hii." Basi aliketi pa barabara kumungoja mpaka chakula kikapoa.

Emérence, mutoto wa mwisho, aliona mama anaisha. Alimuita Madame Ngalula, infirmière, muuguzi aliyetumwa huku kutoka Kasai, aongee na ndugu zake. Ngalula hakupaka maneno mafuta: "Mama abakie ku nyumba yake, fasi mikono yake inajua mulango. Ninyi ndio muzunguke, mumufuate kwa zamu. Na bote museme neno moja. Akiuliza bwana yake, mumuombe aelezee: alikuwa mwanaume wa namna gani? Atawahadisia, na roho itatulia."

Emérence alifanya vile, na mama alikuwa anahadisia mpaka anacheka. Lakini kaka zake balikataa.

Tarehe 13 Machi 2025, gari ikiwa tayari mbele ya nyumba ya mama, Emérence alisimama pa mulango. "Yaya Henri, kaka yangu, muache. Mimi nitakaa naye. Ninyi mukuje hapa."

"Na zamu ya Élysée?" Henri alimujibu. "Unataka batu ba Beni baseme hana mama? Wewe ni wa mwisho, Emérence. Sogea."

Akasogea. Mama Kavuo alipanda gari akiuliza nani amekufa.

Siku ya Mungu, tarehe 16, batu ba kwa Élysée bakiwa misani, alitoka kutafuta kwake. Alibisha mulango kwa mulango: "Hapa hapana kwa Mathe?" Beni ya leo, juu ya vita, mulango haufunguliwe kwa mutu asiyejulikana. Hatuwalaumu. Mvua ilimukuta njiani. Balimuokota kesho yake, mapafu yakiwa yamejaa maji, na alikata roho hospitalini, siku ya tatu, tarehe 19 Machi 2025. Alikuwa na miaka makumi saba na tano.

Ameacha batoto batatu, Henri, Élysée na Emérence, bajukuu tisa, kitukuu mumoja, na huyu ndugu yake Muyisa.

Na mujomba aseme neno la mwisho, kisha anyamaze. Tangu maiti ilipofika Butembo, imelala ku nyumba ya Josaphat, haikutoka. Henri alifunga duka. Élysée aliacha Beni. Banamulinda kwa zamu, huyu akilala, yule anakesha, na bote banahadisia habari za baba yao kwa sauti moja. Hakuna aliyeuliza zamu ya nyumba yake. Donc kumbe ilikuwa inawezekana. Emérence amekaa pale pembeni, anatazama mulango.

Ee Mungu, umupokee Euphrasie, umupe fasi moja tu, na asihamishwe tena. Amina.