Nyumba Ishirini na Moja za Mama Mapazia

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Mapazia anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya udalali wa nyumba kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameniagiza mwenyewe niiandike. Anasema mpangaji akizidisha miezi miwili tunamhesabia, kwa nini yeye asihesabiwe?

Alipoajiriwa aliwekwa mapokezi, kwenye ile meza ya mlangoni inayokula vumbi. Haukupita mwaka wateja wakawa wanampita meneja na kwenda kumwuliza yeye. Akapewa mikataba ya pango, baadaye mauzo, na mwishowe akawa anapelekewa kila ugomvi uliotushinda sisi wengine. Kuna watu aliowapangisha wakiwa wachumba, na leo anawatafutia watoto wao vyumba.

Hakukubali bei ijadiliwe sebuleni. Alisema sebuleni watu hujidai, jikoni husema kweli. Basi mwenye nyumba na mpangaji, na suti zao, waliketishwa kwenye vigoda karibu na sinki, naye jambo la kwanza akafungua bomba. Maji yakitoka, mazungumzo yanaanza. Yasipotoka, ananyamaza na kumtazama mwenye nyumba mpaka mwenyewe aanze kupunguza kodi bila kuombwa. Tulijaribu kumwiga tukaishia kuonekana tumechanganyikiwa. Kumbe hata kunyamaza kuna ufundi wake!

Yupo daktari wa meno aliyetaka mkataba umkataze mpangaji wake kukaanga vitunguu maisha yake yote. Mpangaji naye akasusa. Mama Mapazia akakaa nao asubuhi nzima, na walipoinuka walikuwa wamekubaliana kwamba vitunguu vikaangwe dirisha likiwa wazi, na daktari apelekewe sahani. Mkataba huo bado tunao kwenye faili, na sharti la sahani limepigwa mhuri.

Lakini jina la Mapazia alilipata kwa kazi nyingine, aliyoibuni mwenyewe. Nyumba iliyohamwa hunuka ukungu. Mnunuzi akiingia husikia hatua zake tu, na papo hapo anaanza kutafuta nyufa. Mwaka wake wa tatu aliomba ruhusa ahamie kwenye nyumba kama hizo, azikalie bila kodi, asafishe, apike, atundike mapazia yake, hadi apatikane mnunuzi. Nyumba ikiuzwa, anapewa siku saba za kutoka. Kazi hiyo tuliiita kutia joto. Alizozitia joto ziliuzika upesi, na kadiri alivyoifanya kazi vizuri ndivyo alivyofukuzwa mapema. Mapazia ni yaleyale miaka yote, amekuwa akiyakunja na kuyakunjua pindo kila anapohamia.

Ndiyo maana ya kinyozi hajinyoi. Mwanamke aliyewatafutia watu mamia ya nyumba hakuwa na yake. Mshahara ulisomesha wadogo zake, kisha ukamtibu mama yake, Bibi, ambaye alihama naye kutoka nyumba hadi nyumba. Tulimtania kwamba posta wanamtafuta kwa tochi. Alicheka pamoja nasi, na sasa najiuliza tulikuwa tunacheka nini.

Mara moja tu alitaka nyumba iwe yake. Ni miaka kumi na moja iliyopita. Ilikuwa nyumba ya chini, haina ngazi hata moja, na chumba cha nyuma kilifunguka moja kwa moja uani. Miguu ya Bibi ilikuwa imeanza kumkatalia. Katika nyumba ile aliweza kushika ukuta, akatoka mwenyewe hadi uani kuota jua la asubuhi, akarudi mwenyewe. Mwenye nyumba, fundi cherehani aliyehamia kwa mwanawe, alimwambia Mama Mapazia kwamba atafurahi ikibaki kwake. Benki ilishakubali kumkopesha. Kilichobaki ni siku kumi na nne.

Siku hizo zilitokana na kanuni ya ofisi: mfanyakazi haruhusiwi kununua nyumba tunayoiuza mpaka itangazwe kwa wateja siku kumi na nne kamili. Kanuni yenyewe aliiandika yeye, baada ya dalali mmoja kuinunua nyumba ya wafiwa kabla hata haijatangazwa. Wengine wetu tungelibandika tangazo la nyumba ile nyuma ya mlango wa choo. Yeye aliitangaza dirishani mwa ofisi, akatundika kalenda jikoni mwa nyumba ile, akawa anapiga msalaba kila siku inayopita. Bibi ndiye aliyeshika kalamu siku nyingine.

Siku ya kumi na tatu, dalali mmoja wa ofisi hii alipeleka pale wateja wawili, mwalimu na mume wake. Alikuwa na nyumba nyingine tatu za kuwaonyesha. Hata hivyo alikuwa hajauza chochote kwa miezi minne, na meneja alishamwambia ajiangalie. Wageni wakaingia, wakakuta sakafu inang'aa, chungu kinachemka na bibi anasinzia uani, wakaipenda nyumba hata kabla ya kufika chumbani. Ofisini ilisemwa kwamba ni bahati mbaya, kwamba yule dalali hakujua. Alijua. Kalenda aliiona, maana alikuwa akinywa chai jikoni humo kila wiki. Dalali huyo ni mimi ninayeandika wasifu huu, na nimekaa na jambo hili miaka kumi na moja bila kulitamka.

Mama Mapazia aliitwa kutoka ofisini aje kusimamia bei, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliwaketisha wanunuzi kwenye vigoda, akafungua bomba, maji yakatoka. Nilitamani yasitoke. Aliwaeleza bawaba ipi ya mlango inahitaji mafuta na wapi paa huvuja mvua ikipiga kwa upande. Alipigania bei ya yule fundi cherehani hadi kwenye senti ya mwisho, kisha akawaandikia wanunuzi muda wa kulipa usiowaumiza. Sijawahi kuona mkataba uliojadiliwa kwa haki kiasi kile. Walipotoka, alipiga msalaba kwenye tarehe ya siku hiyo, akaikunja kalenda, akaniuliza kama nimekula.

Ningeweza kusema pale pale. Ningesema tu kwamba wateja hawa ni kosa langu, tungojee kesho, nyumba ni ya Bibi. Niliogopa kupoteza kazi. Nikala.

Siku saba baadaye walihama. Nyumba pekee iliyokuwa tupu kwenye orodha yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, haina lifti. Ni kwa muda tu, tuliambizana. Mimi na mfanyakazi mwenzangu tulimketisha Bibi kwenye kiti cha mbao tukampandisha, ngazi kwa ngazi, naye njia nzima ananiombea. Mungu akuzidishie, mwanangu. Mungu akupe nyumba yako. Nilikuwa nyuma, nimeshika miguu ya kiti, kwa hiyo kila neno lilinishukia usoni. Tangu siku hiyo Bibi hakushuka tena akiwa hai. Aliishi miezi minane. Jua alikuwa akiliona kwenye ukuta wa jengo la pili.

Baada ya hapo Mama Mapazia hakutafuta tena nyumba ya kununua. Aliendelea kutia joto za watu, alifundisha madalali wapya tisa, alisuluhisha kesi ambazo mawakili walishazikatia tamaa, na miaka mitatu mfululizo alichaguliwa mfanyakazi bora. Mimi dua za Bibi zilinipata: nina nyumba, na nyumba hiyo ina ua wa nyuma. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea, amekua, na bado hataki kuhama.

Sasa anakwenda kwenye vyumba viwili vya kupanga, jirani na mdogo wake wa kike. Tulitaka kumsindikiza kwenye mazungumzo ya mkataba, akatukataza, eti tutamharibia. Tunasikia mwenye nyumba alimaliza mazungumzo akiwa amekubali kupaka rangi, kubadilisha bomba na kumwongezea kabati, na aliaga akimshukuru.

Ofisi yetu ina desturi kwamba mstaafu husoma wasifu wake kabla haujachapwa, asije akasomewa uongo mbele ya watu. Jumatatu nilimpelekea kurasa hizi, nikaenda kusimama koridoni kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Zilirudi mchana. Pale nilipoandika kwamba amehama mara kumi na tisa, alikata akaandika ishirini na moja. Pale nilipomsifu kwa uvumilivu, alifuta sentensi nzima. Kwenye ukurasa wa kukiri kwangu hakugusa kitu, ila pembeni, kwa penseli, ameandika hivi: Nilijua siku ile ile. Mama sikumwambia. Alikufa akikuombea, na sikutaka kumkatiza.

Nisamehe, Mama Mapazia. Ningekuomba hivyo jikoni miaka kumi na moja iliyopita kama ningekuwa mtu mzima.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wapangaji wako, wenye nyumba uliowanyenyekeza na wanunuzi unaowasalimia njiani hadi leo, tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya kwa mikono safi. Uende salama. Tunakutakia afya, usingizi mzuri na majirani wema, na tunakuombea mlango ambao hakuna atakayekuja kukuambia umepata mnunuzi.