Sentimita Mbili za Mkunjo

Jumanne saa sita na nusu mchana, binti wa fundi bati alirudishiwa karatasi ya jaribio la hesabu ikiwa na alama tatu kati ya kumi na mbili. Saa kumi alasiri karatasi hiyo ilikuwa kwenye benchi la kona, mikononi mwa baba yake. Benchi lenyewe ni ubao wa bodi ya lori uliolazwa juu ya matofali, mbele ya dirisha la fundi cherehani. Ubao ni mali ya mama anayeuza kahawa, ambaye wote wanamwita Birika, kwa hiyo neno lake hapo lina uzito. Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na moja na sasa haendeshi chochote, hukaa upande wa kulia. Futi, fundi cherehani, hakai. Anashona ndani na kubishana kupitia dirishani. Fundi bati mwenyewe, Bati, hutengeneza ndoo ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alivuka na mkasi wa kazi mkononi.

Birika: Weka huo mkasi chini kwanza. Hapa watu wanakunywa kahawa.

Bati: Siuweki. Naenda nao shule.

Breki: Kukata nini?

Bati: Ulimi.

Futi: Wa nani tena?

Bati: Wa mwalimu wa hesabu. Breki, wewe unasoma bila miwani. Soma hapo kwenye wino mwekundu, wasikie.

Breki aliishika karatasi mbali na uso, akasoma: "Nani kakufundisha upuuzi huu?"

Birika: Ehe. Na mtoto akajibu nini?

Bati: Alisema kweli. Nimemlea aseme kweli. Aliulizwa mbele ya darasa, akasema, baba yangu. Mwalimu akamwambia, basi mlete baba yako aje afanye mtihani. Watoto sitini na wanane wakacheka mpaka kengele.

Breki aligeuza uso upande wa barabara. Alihitaji muda kidogo kabla ya kuugeuza tena.

Bati: Cheka, Breki. Usijibane, utapasuka.

Breki: Sijacheka mimi.

Jaribio la marudio lilikuwa Ijumaa. Mwanafunzi asiyefikisha alama saba angeondolewa mkondo wa sayansi, na binti wa Bati anataka kusomea uhandisi wa maji. Chuo cha maji hakipokei mtu wa mkondo mwingine. Hayo yote yaliandikwa kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni pa darasa, na nakala yake ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa shati la Bati.

Futi: Lakini, ndugu yangu, na tusifichane. Ulimfundisha nini hasa?

Bati: Nilimfundisha kazi. Nilichukua kitako cha ndoo, nikakiviringisha juu ya bati mzunguko mmoja, nikaweka alama pale kilipomaliza. Nikamwambia, huo ndio urefu wa bati lako. Sasa ongeza sentimita mbili za mkunjo, bati lishikane. Usipoongeza una kipande cha bati, huna ndoo. Akaniambia, baba, leo ndiyo nimeelewa. Kwa mdomo wake, Futi. Leo ndiyo nimeelewa.

Breki: Akaenda akaongeza mkunjo kwenye mtihani.

Bati: Maswali manane ya duara. Yote manane.

Karatasi ilionyesha hivyo. Mwalimu alitaka 88, binti aliandika 90. Alitaka 132, binti aliandika 134. Alitaka 220, akapewa 222.

Futi: Kwa ndoo, mtoto yuko sawa kabisa.

Breki: Kwa ndoo. Kwa mwalimu ni sifuri.

Birika: Na kabla ya kuja kwako, huko shuleni hakuuliza?

Bati: Wiki tatu ameuliza. Msaada wa hesabu ni Alhamisi, kwenye dirisha la ofisi ya walimu, kuanzia saa nane na nusu mpaka kengele ya saa tisa. Foleni inafika kwenye mabomba. Mara ya kwanza kengele imelia yeye ni wa nne. Mara ya pili, wa pili. Mara ya tatu akafika. Akauliza, mwalimu, hii ishirini na mbili kwa saba imetoka wapi? Unajua aliambiwa nini? Neno moja. Kariri.

Birika alimmiminia kikombe bila kuulizwa. Bati alikipokea kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulibaki katika mkono wa kulia.

Breki: Sasa mimi nitakwambia jambo, na usikasirike.

Bati: Nimeshakasirika. Sema.

Breki: Hesabu imefanywa ngumu kwa makusudi. Wewe unajua mizani ya barabarani. Lori likizidi uzito, unashushwa mzigo. Basi na shule ni hivyohivyo. Kuna ofisi mahali, siijui, lakini ipo, watu wanakaa wanaangalia, wanasema mwaka huu wamezidi, shusheni. Wanashushia wapi? Kwenye hesabu. Historia huwezi kumshusha mtu, atasimulia tu.

Futi: Ofisi gani, bwana. Tatizo ni kola.

Breki: Kola?

Futi: Kola ya sare. Mimi nimezirekebisha, nazijua. Aliyepewa kazi ya kushona amebana kitambaa, kola zote saizi moja. Mtoto amefungwa kifungo cha juu tangu asubuhi, damu itapanda kichwani kwa njia gani? Na kipindi cha hesabu kiko saa ngapi? Saa tano. Saa tano damu imeshakata tamaa. Angalia wanaofaulu. Wote vifungo wazi.

Birika: Wanaofaulu wana kaka zao waliotangulia, wanaowaachia madaftari ya zamani. Acha vifungo.

Futi: Nimesema nilichokiona.

Birika: Basi na mimi nitasema nilichokiona. Huyo mwalimu hunywa kahawa hapa kila asubuhi, amesimama. Hakai. Kitabu chake kiko kwapani, na kurasa za nyuma hazipo. Zimechanika. Nyuma ndiko kuna majibu. Mtu hana majibu, anaulizwa imetoka wapi, atasema nini? Ana hofu, huyo. Ukali wote ule ni hofu.

Breki: Zimechanwa. Na ile ofisi.

Birika: Breki.

Breki: Subiri, nimalize, sasa inanijia yote. Ishirini na mbili ni nini? Siku za kazi katika mwezi. Saba ni nini? Siku za wiki. Ishirini na mbili kwa saba. Hiyo si hesabu ya duara hata kidogo. Hiyo ni hesabu ya mshahara. Wameibadilisha jina ili wafanyakazi wasijue.

Futi: Na duara?

Breki: Duara ni mwezi. Mwezi si duara?

Bati aliupiga mkasi kwenye ubao. Vikombe viwili vilianguka na kahawa ikamwagika hadi kwenye viatu vya Breki.

Bati: Mnacheza. Mwanangu ana siku tatu, nyinyi mnacheza. Nimekaa hapa miaka mingapi nanyi? Watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja anayeweza kumkalisha mtoto akamwonyesha hesabu ya kidato cha pili. Mwalimu hajui, baba hajui, mjomba wa lori anamwambia mwezi. Atakwenda wapi?

Birika: Umemwaga kahawa ya watu.

Bati: Nitailipia.

Birika: Sijasema ulipe. Nimesema umeimwaga. Ulimi unaotaka kukata uanze na wa kwako, ndio uliomfundisha mtoto na haukumwambia kwamba mkunjo ni wa karakana.

Bati aliweka mkasi chini.

Saa kumi na moja na dakika ishirini binti alifika, bado amevaa sare, kifungo cha juu kimefungwa. Aliwaamkia wote. Futi alimwangalia kola. Binti alikaa kwenye tofali, akafungua daftari magotini.

Binti: Baba, usiende shule na mkasi.

Bati: Nani kakwambia?

Binti: Mtaa mzima. Mimi sitaki ugomvi. Nataka mtu anijibu nilichouliza. Hii ishirini na mbili kwa saba, imetoka wapi?

Breki alifungua mdomo. Birika alimtazama. Breki akaufunga.

Futi alitoka nje. Katika benchi hilo ni jambo la kukumbukwa. Alikuwa na futi yake ya kitambaa shingoni, na aliomba aletewe ndoo. Bati alivuka, akarudi na ndoo aliyoimaliza asubuhi, iliyonyooka, juu na chini sawa. Futi aliizungushia ile futi, akabana kwa kidole.

Futi: Themanini na nane.

Bati: Hapo pameandikwa tisini.

Futi: Pameandikwa tisini, lakini ni themanini na nane. Ncha iliungua na pasi mwaka juzi, inaanzia mbili. Mimi natoa mbili kichwani.

Breki: Miaka miwili unatupima na kitu kilichoungua? Kumbe ile suruali yangu.

Futi: Suruali yako ni tumbo.

Birika: Ngoja nielewe. Huyu anaongeza mbili, huyu anatoa mbili, halafu mnashangaa mtoto amepotelea wapi.

Binti hakucheka. Aliandika 88. Akamwomba Futi apime mapana ya ndoo, kutoka ukingo hadi ukingo. Ile futi ilisema thelathini. Akaandika 28. Kisha akagawanya zote mbili kwa nne, polepole, kwa kalamu ya risasi, na wote wanne wameinama juu ya daftari kama watu wanaotafuta sindano. Juu ikaja 22. Chini ikaja 7.

Binti: Sinia.

Birika aliondoa vikombe kwenye sinia lake la mviringo, akalifuta kwa kanga, akampa. Futi akapima tena, akatoa mbili zake. Kuzunguka, 110. Mapana, 35. Binti akagawanya kwa tano. 22. 7.

Breki: Hebu rudia.

Alirudia. Ilikuwa ileile.

Bati: Dakika tano.

Birika: Nini?

Bati: Imechukua dakika tano. Kwa futi mbovu. Wiki tatu mtoto amepanga foleni kwenye mabomba kwa ajili ya jambo la dakika tano.

Alilisema bila kupandisha sauti. Breki, ambaye kwa kawaida hujibu kila kitu, alisogea kumpisha akae.

Binti alikuwa bado anautazama ule ukurasa. Aliweka kidole kwenye ndoo, kisha kwenye sinia.

Binti: Lakini kwa nini? Hii ni ndogo, hili ni kubwa. Hii ni ya baba, hili limetoka kiwandani. Hazijuani. Kwa nini zote zinatoa ileile?

Futi aliitazama futi yake. Bati aliitazama ndoo. Ametengeneza ndoo miaka ishirini na miwili.

Breki: Ndivyo ilivyo tu, mwanangu. Duara ni duara.

Binti: Hiyo ni kariri ileile ya mwalimu.

Breki aliondoka kwenye benchi bila kuaga. Alirudi baada ya dakika kumi hivi, akakaa mahali pake, na hakutaja tena ofisi yoyote.

Birika alilitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akaanza kukusanya vikombe, na kwa desturi ya hapo, vikombe vikikusanywa mazungumzo hufungwa. Bati alimshika mwanawe mkono.

Bati: Sikiliza. Ijumaa, toa mkunjo.

Binti: Kila swali?

Bati: Kila swali. Mkunjo wangu ubaki karakana.

Binti: Baba, lakini mojawapo la yale manane linasema kabisa, fundi anatengeneza ndoo. Fundi. Ndoo bila mkunjo inavuja. Wewe mwenyewe ulinionyesha, tukamwaga maji.

Bati: Ya kwenye karatasi haibebi maji.

Binti: Basi kwa nini waiite ndoo?

Bati aliokota mkasi, akavuka barabara. Karakana yake ilisikika ikigonga mpaka jua linazama, kwa nguvu kuliko bati linavyohitaji.

Alhamisi binti alipanga foleni dirishani na ile ndoo. Kengele ililia akiwa wa tatu.

Jaribio la marudio lilifanyika Ijumaa saa tatu asubuhi. Matokeo yalibandikwa Jumatatu: binti wa fundi bati, kumi kati ya kumi na mbili. Amebaki mkondo wa sayansi. Karatasi yake ilipitishwa kwenye benchi jioni hiyo, mkono kwa mkono. Katika swali la tano, linalohusu fundi na ndoo, ameandika 88. Chini ya jibu ameandika: "Ndoo hii itavuja." Mwalimu ameweka alama ya vema mbele ya 88. Kwenye sentensi hiyo hakuandika kitu.